Hela ya Mlima Irudi Mlimani, Tena kwa Sheria

Makamanda, kila Juni tunakaa na simu mkononi kusikiliza hotuba ya bajeti, na kila Juni tunabishana mambo yale yale: tozo, bei ya mafuta, vocha, bia na soda. Sawa, hayo yanagusa mfuko wa kila mtu. Ila kuna jambo moja linapita kimya mwaka baada ya mwaka, na sisi watu wa Arusha ndio tulipaswa kulipigia kelele kuliko mtu yeyote Tanzania. Hela inayotokana na Mlima Meru, yaani hifadhi yake, misitu yake na maji yake, inakwenda wapi? Inarudi kiasi gani? Na nani anaamua?

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo mtanivumilia vifungu viwili vitatu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyekubali ajue anapinga nini: vijiji vinavyopakana na hifadhi vinastahili mgao wa mapato ya hifadhi ulioandikwa kwenye sheria, kwa asilimia inayojulikana, unaolipwa kila mwaka bila kumpigia mtu magoti. Hatutaki zawadi ya waziri wala darasa moja linalozinduliwa mwaka wa uchaguzi kwa utepe na ngoma. Tunataka mgao.

Hela inavyosafiri

Tuanze na safari yenyewe ya shilingi. Hifadhi ya Taifa Arusha ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto, na mwaka 1967 kreta ya Meru ikaunganishwa nayo. Mtalii anaingia lango la Ngongongare au la Momella, analipa kiingilio, analipa kupanda mlima, kulala kambini, kutembea na askari. Kwa miaka mingi hela ile ilikuwa inakusanywa na TANAPA yenyewe, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Shirika linalipa mishahara, doria, mafuta ya magari, barabara za ndani ya hifadhi, na linatoa sehemu kwa miradi ya ujirani mwema: darasa hapa, zahanati pale. Na Serikali Kuu haikukaa mikono mitupu, maana mashirika ya umma yalitakiwa kuchangia Hazina 15% ya mapato ghafi.

Kisha ikaja Juni 2020. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, alisoma bajeti tarehe 11 Juni, na Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikagusa sheria tatu kwa mpigo: ya Hifadhi za Taifa, ya Ngorongoro, na ya Wanyamapori. Kuanzia tarehe 1 Julai 2020 kazi ya kukusanya mapato ya TANAPA, ya Mamlaka ya Ngorongoro na ya TAWA ikahamia TRA, na makusanyo yakaingia Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali.

Mtu anaweza kusema, kwani tatizo liko wapi, si hela ya Serikali inaingia serikalini? Tatizo liko kwenye safari ya kurudi. Hela ikishaingia Mfuko Mkuu, hifadhi inasimama kwenye foleni moja na kila mtu. Inaandaa makadirio, inapewa ukomo wa bajeti, Bunge linapitisha, halafu inasubiri Hazina itoe. Na aliyewahi kufanya kazi ofisi yoyote ya umma atakwambia kupitishiwa hela na kupewa hela ni vitu viwili tofauti. Tembo akitoka usiku kuingia shambani hasubiri robo ya tatu ya mwaka wa fedha. Moto nao hausubiri. Oktoba 2020 tuliuona ng'ambo, Kilimanjaro ikiwaka, na watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wakipanda kwenda kuuzima.

Baadaye Serikali yenyewe iliona mambo hayaendi, ikarekebisha sheria ili sehemu ya makusanyo irudi kwa wahifadhi. Nalikubali hilo, ni hatua. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, kinachotolewa na Sheria ya Fedha ya mwaka huu kinaweza kuchukuliwa na Sheria ya Fedha ya mwaka kesho, na tumeshaona kwamba inachukua bajeti moja tu. Pili, mabishano yote yale yalikuwa kati ya Hazina na shirika. Mwanakijiji wa Ngare Nanyuki hakuwepo mezani hela ilipoondoka, na hakuwepo iliporudi.

Upande wa pili nao una hoja

Sipendi uandishi wa kujifanya mwenzako hana akili, kwa hiyo tuseme ukweli. Waliotaka hela iende Mfuko Mkuu wana hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni Korona. Mwaka 2019 watalii waliokuja Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuwa kama laki 6 na 20 elfu. Hifadhi inayotegemea kiingilio peke yake ingelipa askari wake na nini mwaka ule? Mfuko mkubwa wa taifa unasaidia pale ambapo mfuko mdogo unakauka. Ni kweli.

Ya pili ni usawa. Mwaka 2019 hifadhi za taifa ziliongezwa hadi 22, na nyingi haziwezi kujiendesha. Kwa miaka mingi Kilimanjaro, Serengeti na nyingine chache za Kaskazini, Arusha ikiwemo, ndizo zilizozibeba zilizobaki. Tukisema kila hifadhi ile kilicho chake, nani atalinda Kitulo? Nani atalinda Katavi? Sisi ni chama cha taifa zima, hatuwezi kuwa na siasa ya kwamba Kaskazini ishibe na Rukwa ikae njaa.

Hoja zote mbili nazikubali. Na ndiyo maana sisemi hela yote ibaki Arusha. Nasema sehemu yake, hata iwe ndogo, iwe ya kijiji kwa haki. Korona haipingani na hilo: 10% ya mapato madogo ni hela kidogo, 10% ya mapato makubwa ni hela nyingi, asilimia inapanda na kushuka yenyewe. Wala usawa wa kitaifa haupingani na hilo, kwa sababu kanuni ingekuwa ya nchi nzima. Kijiji cha jirani na Katavi kingepata kwa kanuni ile ile.

Gharama inakaa kijijini

Sasa tuulize nani analipa bei ya kuwa na hifadhi. Mtalii analipa kiingilio, anapiga picha, anaondoka. Serikali inapokea. Anayeishi na hifadhi usiku na mchana ni mkulima wa Ngare Nanyuki, Leguruki, King'ori na Maji ya Chai. Ngare Nanyuki wanalima nyanya mnazozila mjini. Tembo mmoja akipita kwenye ekari ya nyanya usiku, asubuhi hakuna nyanya. Mtoto aliyekesha anapiga madebe kufukuza wanyama ndiye huyo huyo anayetakiwa awe darasani saa moja na nusu.

Sheria yetu inasemaje kuhusu hasara hiyo? Makamanda, jina lenyewe linatosha. Haiitwi fidia, inaitwa kifuta jasho, na mtu akiuawa inaitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ni ekari 5. Kifo cha binadamu, shilingi milioni 1. Ulemavu wa kudumu, laki 5.

Muulize mkulima yeyote kama laki moja inarudisha ekari ya nyanya: mbegu, dawa, mbolea, vibarua, maji ya zamu. Na kisheria tofauti ya maneno haya mawili si mchezo. Fidia ni deni, nikikudai naweza kukupeleka mahakamani nikaeleza hasara yangu na ukailipa yote. Kifuta jasho ni pole. Mtoa pole ndiye anayepanga kiasi, na wewe unapokea kwa mikono miwili na kusema ahsante.

Kwa hiyo hesabu imekaa hivi: mapato ya mlima ni ya taifa, hasara ya mlima ni ya kijiji. Hakuna mwanasheria anayeweza kunishawishi kwamba huo ni mgawanyo wa haki.

Na wewe wa mjini, usidhani haikuhusu

Najua wengi wenu mko Sakina, Kijenge, Sanawari na Njiro, na tembo mnamwona kwenye picha. Haya, fungua bomba. Mito ya Themi, Nduruma, Usa na mingineyo inashuka kutoka Meru. Chemchemi za huko juu zinalisha jiji, na maji yanayobaki yanakwenda Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme, kisha yanateremka na mto Pangani mpaka baharini. Msitu wa Meru ndio tenki letu. Ukikatwa, hakuna bomba la mkopo wowote litakalotoa maji ya kutosha wakati wa kiangazi.

Na hapa kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Watu wanaokaa karibu kabisa na mlima ndio wenye maji mabaya zaidi. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na mto wa Ngare Nanyuki unajulikana kwa floraidi iliyopita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu wa upande ule siyo uchafu. Ni maji. Yakizidi sana yanapinda na mifupa ya watoto. Serikali inalijua hili kwa miongo, ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Utafiti upo. Tatizo linajulikana. Kinachokosekana ni chanzo cha hela kisichotegemea hisani.

Fikirini kijiji kimoja tu kinachopakana na hifadhi kingekuwa na mgao wake wa kila mwaka, kiasi kinachojulikana, kinachosomwa kwenye mkutano mkuu. Kingeweza kupanga: miaka mitatu ya kwanza bomba la maji safi kutoka chanzo salama, miaka miwili inayofuata uzio na mizinga ya nyuki ya kuzuia tembo. Kijiji kisichojua kama kitapata au hakitapata hakiwezi kupanga chochote. Kinabaki kuandika barua za maombi.

Katiba inaruhusu, tena waziwazi

Kuna jibu ambalo makada wa upande wa pili wanapenda kulitoa: "Fedha zote za umma lazima ziingie Mfuko Mkuu, ndivyo Katiba inavyosema." Nusu ya jibu hilo ni kweli. Ibara ya 135(1) ya Katiba ya mwaka 1977 inaweka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Lakini wanasoma ibara ndogo ya kwanza wanafunga kitabu. Ibara ndogo ya pili inatoa ruhusa ya wazi: sheria ikitaja kwamba fedha fulani ni za shughuli maalum, au ziwekwe mfuko mwingine kwa matumizi maalum, haziingii Mfuko Mkuu.

Na Serikali hii hii inaitumia ruhusa hiyo kila siku. Boda akiweka lita moja ya petroli, ndani yake kuna shilingi 50 za Mfuko wa Taifa wa Maji. Kuna tozo nyingine humo humo ya Mfuko wa Barabara. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliunda Mfuko wa Misitu, na ikasema vyanzo vyake ni pamoja na 3% ya mrabaha na 2% ya ada zinazolipwa chini ya sheria hiyo. Yaani gogo la msonobari likitoka shamba la miti la Meru-Usa, kuna sehemu ambayo sheria imeshaipa anwani. Kwenye madini, kampuni inatakiwa kisheria kukubaliana na halmashauri ya eneo lake kuhusu mpango wa huduma kwa jamii.

Kwa hiyo tusidanganyane. Kutenga hela kwa sheria siyo jambo geni na halivunji Katiba. Imewezekana kwa barabara, kwa maji, kwa magogo na kwa dhahabu. Kwa kiingilio cha hifadhi na kijiji cha jirani, ghafla inakuwa haiwezekani?

Kwa nini nang'ang'ania sheria, isiwe ahadi tu? Kwa sababu Ibara ya 9 ya Katiba imeshaahidi. Inaitaka Serikali ihakikishe utajiri wa taifa unahifadhiwa na kutumika kwa manufaa ya wananchi wote, na kwamba matumizi yake yalenge kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Maneno mazuri sana. Halafu urudi Ibara ya 7(2): mahakama haina uwezo wa kuamua kama Serikali imetekeleza masharti ya sehemu hiyo. Ni ahadi isiyoshtakika. Ila kifungu cha sheria kinachosema "asilimia kadhaa zitalipwa kwa kijiji" kinashtakika. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kwenda nacho mahakamani. Hapo ndipo hisani inapogeuka kuwa haki.

Majirani wameshafanya

Uganda, ambayo hatuisifii sana kwa demokrasia, sheria yake ya wanyamapori inatenga 20% ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya serikali za mitaa zinazozizunguka. Imekuwepo tangu miaka ya tisini. Rwanda nayo inatenga 10% ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii za jirani, baada ya kuipandisha kutoka 5% mwaka 2017. Mbali zaidi, jimbo la Missouri kule Marekani, wapiga kura wenyewe waliamua mwaka 1976 kwamba kila anayenunua bidhaa ya dola 8 achangie senti 1 kwa ajili ya misitu na wanyama, na wakaiandika kwenye katiba ya jimbo lao ili mwanasiasa asiiguse.

Sisemi mifumo hiyo haina matatizo. Uganda kuna malalamiko ya hela kuchelewa na kupotelea ngazi za juu. Lakini mwanakijiji wa Uganda analalamika kwamba hela yake imechelewa. Sisi hatuna hata hela ya kulalamikia.

"Halmashauri nazo zitakula"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi mtaani, na inatoka hata kwa makamanda wenzetu. Eti mkipeleka hela chini, itapigwa na watu wa chini. Kwamba ripoti ya CAG kila mwaka inaonyesha halmashauri zinavyovuja.

Ni kweli zinavuja. Lakini ripoti hiyo hiyo inaonyesha na wizara zinavuja, na mashirika yanavuja. Hatujawahi kusikia mtu akisema kwa sababu wizara imepiga hela basi ifungwe. Hoja ya upigaji hutumika kwa wa chini tu.

Halafu tukumbuke historia yetu wenyewe. Oktoba 2015 upinzani ulichukua majiji na miji mikubwa, Arusha ikiwemo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ikahamisha ukusanyaji wa kodi ya majengo kutoka halmashauri kwenda TRA. Mwaka uliofuata yakafuata mabango ya matangazo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo unalipia kwenye LUKU. Nia ya mtu siwezi kuithibitisha, nimefundishwa kuogopa kesi ya nia. Ila tarehe ziko wazi, kila mtu apime. Ninachokiona ni mwelekeo mmoja: kila chanzo cha uhakika kinapanda juu, na kwa wa chini kinabaki kijitabu cha ushuru wa mama mwenye mchicha soko la Tengeru.

Dawa ya upigaji ni mwanga. Kwa hiyo mgao ninaoudai uwe na masharti matatu. Kwanza, asilimia iandikwe kwenye Sheria ya Hifadhi za Taifa yenyewe, ili kuiondoa ihitaji mjadala wa wazi, isifutwe kwa kimstari kimoja ndani ya Sheria ya Fedha usiku wa kuamkia Julai. Pili, hela iende akaunti ya kijiji moja kwa moja, isipitie kwa mkuu wa wilaya wala kamati ya mtu, na kiasi kilicholipwa kila kijiji kibandikwe ofisi ya kijiji na kitangazwe. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji ndio uamue matumizi, na mwaka ambao hesabu hazijasomwa, malipo yanayofuata yanasimama. Hapo anayepiga anapiga mbele ya majirani zake, na majirani hawahitaji CAG kujua nani amenunua pikipiki mpya.

Tumeshawahi kuchangia wenyewe

Kuna watu watasema vijana wa Meru wameanza lini kuongea mambo ya mapato ya mlima. Wasome. Novemba 1951 utawala wa Mwingereza uliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakuwa na chama kikubwa, wala intaneti. Walichangishana. Wakamtuma Kirilo Japhet, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza kesi ya kijiji chake mbele ya dunia. Hawakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini nchi nzima ilijifunza kwamba mtu wa mlimani anaweza kusimama na hoja yake na kumwambia mtawala: onyesha sheria uliyoitumia.

Ngare Nanyuki ile ile leo inapakana na hifadhi. Ardhi waliipigania na vizazi vyao wako pale. Swali la kizazi chetu ni dogo kuliko lile la kina Kirilo, na bado hatujaliuliza kwa sauti: mapato ya mlima huu, fungu la aliye chini yake ni lipi?

Tufanye nini, kesho asubuhi

Wengine watasema mbunge apeleke muswada binafsi. Nami ningependa iwe rahisi hivyo. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kutoa fedha Mfuko Mkuu mpaka pendekezo litoke kwa Rais kupitia waziri. Maana yake hata tungekuwa na wabunge wengi, mlango huo unafunguliwa na Serikali iliyopo madarakani. Kwa hiyo njia yetu ni mbili: kuibana Serikali hii mpaka ilete, au kuwa Serikali. Zote mbili zinaanza na kazi ya chini.

Moja. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Kila tawi la vijana Arumeru liandike barua moja, ukurasa mmoja, maswali matatu tu: Hifadhi ya Taifa Arusha ilikusanya kiasi gani mwaka wa fedha uliopita? Kiasi gani kilirudi kutumika hifadhini? Kiasi gani kilikwenda kwenye vijiji, kwa majina ya vijiji? Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, uhesabu siku. Wakijibu, tuna takwimu. Wasipojibu, tuna kesi.

Mbili. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila baada ya miezi mitatu. Tuache kuwaachia wazee na wajumbe wa chama tawala peke yao. Nenda, kaa mbele, kwenye mengineyo nyoosha mkono. Waombe wanakijiji wapitishe azimio kwamba kijiji kinadai mgao wa mapato ya hifadhi, na liandikwe kwenye muhtasari. Azimio la kijiji kimoja ni karatasi. Maazimio ya vijiji vyote vinavyozunguka hifadhi ni jambo ambalo hakuna mgombea, wa rangi yoyote, atakayepita Leguruki bila kulijibu.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Chama chetu kiandike asilimia kwenye ilani. Tusiandike "tutahakikisha wananchi wananufaika na rasilimali", sentensi hiyo hata wao wanayo. Tuandike namba. Mimi napendekeza tuanze na 10% ya viingilio, na mwenye namba bora alete hoja. Tukishaandika namba, siku tukishika madaraka vijana wa wakati huo watakuwa na kitu cha kutubana nacho, na wana haki ya kutubana.

Barua ya maswali matatu ya tawi letu nimeshaiandika. Inapelekwa Jumatatu.